Aliyemleta Mlevi

Jumatatu, 2 Machi

Mshauri wa wanafunzi amenipa adhabu na kuiita tiba. Ameniambia niandike hasira zangu kwenye daftari badala ya kuwamwagia wenzangu. Yote haya ni kwa sababu ya Mshipa, wa mwaka wa tatu kama mimi. Leo wodini nilimwambia mbele ya mgonjwa kwamba akinisukuma tena mkono nikiwa na sindano, nitamchoma yeye. Nilisema nikamaanisha. Mshipa anaingiza sindano mara moja tu, hata kwa mzee aliyekauka mwili mzima, ndiyo maana wakampa jina hilo, na ndiyo maana kichwa kimemvimba hivyo. Mimi ananiita bibi harusi, eti mkono wangu unasubiri kubembelezwa.

Basi naandika. Simpendi Mshipa. Hata daftari hili silipendi. Mvua zimeanza, na paa la hosteli limechagua kuvuja juu ya kitanda changu.

Alhamisi, 5 Machi

Mama mdogo kapiga simu. Kitinda wake, yule mtoto wa mwisho, ameanza mwaka wa kwanza hapa hapa. "Mwanangu, huyo nimekukabidhi. Akikohoa tu, nijue." Utamjibu nini mtu aliyekulea toka unatambaa? Nikasema sawa, mama mdogo. Nina mitihani ya mwisho mwezi wa tano, halafu nianze kumfuta mtu mzima makamasi.

Ijumaa, 6 Machi

Mkutano wa kufungua muhula. Mkuu wa chuo alivaa suti na kutusomea sheria zile zile kana kwamba tumezitunga sisi. Ile ya pombe aliisoma mara mbili: mwanafunzi akionekana amelewa, anasimamishwa, na atakayemleta mlevi hospitali, jina lake likiandikwa pale mapokezi, naye anahesabiwa alikuwa akinywa pamoja naye. "Aliyemleta mlevi ni mlevi mwenzake," alisema, akatabasamu kama mtu aliyegundua dawa.

Baada yake akasimama mshauri na picha ya ini. Ini zima huku, ini bovu kule. Akasema anayekunywa ale kwanza, anywe pole pole, achanganye na maji, ajue mwisho wake. Maneno mazuri tu. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka, na Kitinda alikuwa anacheka kuliko wote. Ana wiki moja hapa na tayari anajua pa kucheka.

Jumamosi, 14 Machi

Sasa najua "wodi" wanayoisema wavulana ni nini.

Nilikwenda hosteli ya wavulana mchana kumpelekea Kitinda shuka. Mlango wa chumba cha Mshipa ulikuwa wazi, muziki chini, chupa mezani, wavulana sita au saba wamejilaza. Dirishani, kwenye msumari, imening'inia dripu. Dripu kamili, na mpira wake, imeibwa kwenye chumba cha mazoezi ya uuguzi. Mmoja wao amekaa kwenye kiti na saa mkononi, hanywi. Huyo ni Mpole, wa mwaka wa pili, kijana mwenye sauti ya kuomba radhi hata akikusalimia.

"Karibu wodini, bibi harusi," Mshipa akasema. "Usiogope. Sisi hatunywi kihuni. Kila Jumamosi tunaweka mtu wa zamu, hagusi hata tone. Anapima mapigo, anapima pumzi. Mtu akizidiwa, namtundikia chupa moja, asubuhi anaamka kama mtoto mchanga."

"Dripu haiondoi pombe," nikamwambia. "Ini ndilo linaiondoa, na lina mwendo wake. Umesoma hayo mwaka wa kwanza."

"Na wewe umesoma, lakini mishipa bado inakukimbia."

Wakacheka wote. Nikaondoka na shuka langu mkononi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba walijiona wenye busara. Wahuni wa mtaani wanajua ni wahuni. Hawa wanakunywa mara mbili ya wahuni kwa sababu kuna mtu kashika saa.

Jumanne, 17 Machi

Kitinda ameanguka chumba cha vidonda. Sista Mkuu alifunua bandeji ya mguu, Kitinda akaenda chini na trei nzima. Darasa limepata kichekesho cha mwezi. Nilimkuta nje anatapika, nikamwambia kama damu inamshinda arudi kwao akauze duka. Akajifuta mdomo, akaondoka. Huyu mtoto kwa kawaida hanyamazi hata akitafuna.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemkuta Kitinda wodini. Si wodi ya wagonjwa, ile ya Mshipa. Amekaa katikati, macho mekundu, anaigiza namna alivyoanguka na trei, na wote wamekufa kwa kicheko. Safari hii wanacheka naye, hawamcheki yeye. Nilielewa papo hapo, na kuelewa kukanizidishia hasira.

"Dada! Njoo nikutambulishe kwa madaktari wangu."

Nikamshika sikio kama zamani. Akaniondoa mkono, si kwa nguvu, ila mbele za watu. "Dada, mimi si mtoto. Na hapa hakuna anayeniambia nikauze duka."

Nikamgeukia Mshipa. "Akipatwa na lolote, nitakula nawe sahani moja."

"Tulia. Wako yuko kwenye mikono salama kuliko mtu yeyote anayekunywa mjini leo," akasema, na mshenzi yule aliamini alichosema.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Mama mdogo kapiga. Nimemwambia anaendelea vizuri.

Jumatano, 25 Machi

Nimekwenda kwa mshauri kumwambia habari za wodi ya Jumamosi bila kutaja majina. Akaweka kalamu chini. "Ukiniambia chumba, itabidi nimwambie mkuu. Mkuu ataondoa watu. Uko tayari?" Nikamuuliza kama hakuna njia ya katikati, watu wakazungumza, wakafundishwa, pasifukuzwe mtu. Akatazama ile picha ya ini. "Sheria ni sheria," akasema, kwa aibu kidogo. Nikamwambia basi picha yake aitundike chooni. Ameniongezea wiki mbili za kuandika daftari.

Jumamosi, 28 Machi

Kitinda kalewa tena. Sikwenda. Nimesikia sauti yake kutoka uwanjani, anaimba.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo kanishangaza. Kasafisha kidonda kuanzia mwanzo hadi mwisho mbele ya Sista Mkuu, mkono haukutetemeka. Baadaye kanijia anacheka. "Umeona, dada?" Nilimnusa: pombe. Saa nne ya asubuhi, tena alikunywa kabla ya kidonda. Nilimwambia ninaweza kumshtaki dakika hiyo hiyo. Akasema, "Shtaki. Nikinywa kidogo siogopi, nisipokunywa naogopa. Chagua wewe unataka muuguzi yupi."

Sikumshtaki. Simu ya mama mdogo sikuipokea.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua siku nzima. Nasoma. Hosteli yote inanuka soksi mbichi.

Jumamosi, 11 Aprili

Naandika kwa mwandiko mbaya. Nitaandika yote hata hivyo.

Wavulana walimaliza majaribio ya muhula jana, kwa hiyo leo wodi ilifunguliwa mapema, kabla hata ya chakula cha mchana. Nilikuwa nafua. Niliona wawili wanatoka hosteli ya wavulana haraka haraka, kofia zimevutwa usoni, mvua inanyesha na hakuna anayekimbia. Mtu asiyekimbia mvua ana jambo. Nikaacha nguo kwenye beseni.

Kitinda alikuwa kitandani, chali, mkono umefungwa kwa plasta kwenye kipande cha ubao ili dripu isitoke. Chali! Mtu aliyelewa chakari, anayeweza kutapika wakati wowote, wamemlaza chali kwa sababu ya kulinda sindano. Mpole alikuwa kwenye kiti, saa mkononi.

"Alikunywa nini?"

"Walishindana," akasema. "Pombe kali. Yeye alishinda."

"Pumzi ngapi kwa dakika?"

"Ishirini."

Alijibu bila kumtazama. Jibu lile nalijua, na kila aliyewahi kuvaa sare ile analijua. Ishirini ndiyo namba tunayoandika kwa wagonjwa wote tukichoka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini ni ishirini. Sote tunafanya hivyo. Mpole alikuwa na saa, alikuwa hajalewa, alikaa nusu mita kutoka kwa mdogo wangu, na alikuwa anasema ishirini kila alipoulizwa.

Nikaweka mkono kifuani mwake. Kifua kikapanda, kikashuka. Nikangoja. Nikaendelea kungoja. Kati ya pumzi moja na nyingine ningeweza kutaja jina langu, la baba na la babu. Ngozi ilikuwa baridi kama sakafu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimfinya chini ya kucha kwa nguvu zangu zote, naye hata uso hakuukunja. Nikabandua plasta, nikamgeuza ubavu, na matapishi yakatoka mdomoni kana kwamba yalikuwa yanasubiri tu. Nikayatoa kwa kidole. Kinywa kilikuwa kimejaa.

"Huyu anakwenda hospitali sasa hivi," nikasema.

Hapo Mshipa akasimama mlangoni. Naye alikuwa amekunywa, lakini alisimama wima.

"Hapana. Subiri chupa iishe. Tukimpeleka tumekwisha wote. Wewe pia. Wiki tatu tu zimebaki, bibi harusi. Miaka yako yote mitatu itapotea!"

"Mtazame."

"Nimemtundikia mwenyewe, dripu inakwenda vizuri."

"Sizungumzii chupa. Mtazame mtu!"

Akamtazama. Nadhani tangu waanze wodi yao alikuwa anatazama mkono tu, pale sindano inapoingia. Alitazama midomo, akaweka mkono wake kifuani pale pale nilipoweka wangu, akangoja kama nilivyongoja. Nilimwona anavyolevuka. Waliobaki chumbani walikuwa wameshaanza kukusanya viatu. Mpole aliweka saa mezani taratibu, kama mtu anayeacha kazi, akala kona kupitia bafuni.

Mshipa angeweza kwenda nao. Mlango ulikuwa wake. Badala yake alifunga mpira wa dripu, akambeba Kitinda kifuani, kichwa kimegeuziwa upande, mimi nikiwa nimeshika taya lake lisifunge njia. Hospitali iko ng'ambo ya ua wa chuo, tunaiona kila siku kutoka dirishani. Leo ilikuwa mbali. Nilikuwa nimevua viatu sijui wapi. Kila hatua nilikuwa nasikiliza pumzi, na isipokuja haraka namtukana Kitinda matusi ambayo sikujua ninayajua, nikimwambia mama yake ataniua, nikimwambia apumue basi, mpumbavu we, apumue.

Mapokezi daktari aliuliza maswali, na Mshipa akajibu yote. Kinywaji gani, kiasi gani, tangu saa ngapi, dripu gani, ameiiba wapi. Hakuzungusha maneno wala hakupunguza. Karani akauliza nani wamemleta, Mshipa akataja jina lake, nami nikataja langu. Halafu tukakaa kwenye benchi, tumelowa, tunanuka.

Kitinda wamemwekea mashine ya kumsaidia kupumua. Hakuna anayesema kitu cha uhakika.

Jumapili, 12 Aprili

Bado.

Jumatatu, 13 Aprili

Amefungua macho. Amemuuliza muuguzi kama Jumamosi imekwisha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya chumba cha kufulia mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 14 Aprili

Mama mdogo amefika. Nilidhani atanikumbatia. Alinikalisha chini kwanza.

"Kwa nini hukunipigia mimi?"

"Mama mdogo, uko safari ya siku nzima kutoka hapa."

"Ungempa maji ya limau akalala. Wajomba zako wanalewa kila siku, nani amepelekwa hospitali? Sasa jina lake limeandikwa, chuo chote kinajua, mtaa wote utajua. Nilikukabidhi mtoto, mwanangu. Sikukukabidhi umtangaze."

Nilikuwa na la kumjibu, tena refu. Alikuwa ameshikilia viatu vya Kitinda, anavifuta matope kwa kanga yake. Nikampokea kimoja, nikakifuta. Kitinda mwenyewe amegeukia ukutani. Kwangu amesema neno moja tu, "Asante," na alilisema kama anayelipa faini.

Jumatatu, 20 Aprili

Kikao cha nidhamu. Mkuu wa chuo, Sista Mkuu, mshauri na jagi la maji ambayo hakuna aliyeyamimina.

Mpole aliitwa wa kwanza, kama shahidi. Shahidi! Kwa sauti ile ile ya kuomba radhi alisema yeye alipita tu kuazima kitabu, akatuona mimi, Mshipa na Kitinda tunakunywa. Mimi! Alinitazama kwa macho makavu, au tuseme alitazama sikio langu. Sijawahi kumchukia mtu namna hii. Mshipa nilimchukia kwa mdomo. Huyu nilimchukia hadi meno yakaniuma.

Nikainuka, nikaambiwa nikae. Kisha Sista Mkuu, ambaye kwa miaka mitatu hajanisifia hata kitanda nilichotandika, akasema, "Huyu binti hakunywa. Niliingia mapokezi Jumamosi ile. Alinikoromea usoni nimwache amshike mdogo wake. Angekuwa amekunywa, ningenusa."

Mkuu akasema sheria haiulizi harufu, inauliza nani ameleta. Mshipa amefukuzwa. Kitinda amesimamishwa mwaka mzima. Mimi, kwa kuwa Sista Mkuu alisisitiza, nimepewa onyo la mwisho: jina langu likionekana tena kwenye jambo la pombe, kwa namna yoyote ile, sifanyi mtihani. Waliokimbia wote wamebaki wanafunzi wema. Nilimuuliza mkuu, "Kwa hiyo mara nyingine tufanye nini? Tumwache?" Akasema mara nyingine msinywe. Nikasema mimi sikunywa. Akafunga faili.

Jumanne, 21 Aprili

Mshipa ameondoka asubuhi na sanduku lake. Nilimkuta getini. Sikujua niseme nini, nikamwambia mkono wake ni mzuri, ni kichwa tu kibovu. Akacheka kidogo. "Ningejua kuhesabu pumzi ningekuwa bado ndani," akasema. Halafu akaniambia ile dripu ilimfanya ajione hawezi kupoteza mtu, na kama isingekuwepo asingewaacha washindane. Sijamsamehe. Nilimbebea sanduku hadi kituoni kwa sababu lilikuwa zito.

Jumamosi, 25 Aprili

Wodi imefunguliwa chumba kingine. Nimesikia sasa wanafunga mlango kwa ndani. Hayo ndiyo mafundisho waliyoyapata.

Jumanne, 28 Aprili

Mpole alinikalia jirani bwaloni. Nikahama na sahani yangu. Ananuka pombe mchana kweupe siku hizi, yeye aliyekuwa hagusi tone. Wenzake wanamwita shahidi wa serikali na hawamkaribishi. Naona raha. Naandika kwa kuwa niliambiwa niandike ukweli: naona raha sana.

Jumamosi, 2 Mei

Mtihani ni keshokutwa, Jumatatu. Nilikuwa nasoma baada ya chakula cha mchana. Mvua imepungua. Msichana wa mwaka wa kwanza akagonga, uso umempauka.

"Dada, samahani. Kuna mtu nyuma ya matangi ya maji. Haamki. Kila ninayemwambia anafunga mlango."

Ilikuwa chupa mbili tupu na Mpole. Peke yake, amekunjamana kwenye zege, suruali imelowa. Nilisimama pale juu yake. Nitaandika nilichofikiri. Nilifikiri hakuna aliyeniona ila huyu mtoto, na huyu mtoto ataelewa. Nilifikiria Kitinda, Mshipa, miaka yangu mitatu. Nilifikiri kumwambia msichana, "Anapumua, ishirini, mfunike shuka."

Nikapiga magoti, nikaweka mkono kifuani mwake. Nikangoja, nikangoja tena.

Nilimgeuza ubavu, nikamwambia msichana amshike kichwa asimwache hata iweje, kisha nikaingia kwenye korido ya hosteli nikapiga kelele. Nilipiga kelele hadi milango ikafunguka. Nilisema nataka watu wanne wenye mikono, na anayeogopa mkuu wa chuo afunge mlango wake tena nimwone uso. Milango mingine ilifungwa. Wanne walitoka.

"Nyinyi mtaishia geti la hospitali, msiandikwe," nikawaambia. "Pale ndani naingia naye mimi."

Wapagazi wa hospitali walimpokea na machela. Karani ni yule yule. Alinitambua, akashusha kalamu. Alitazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine wa kumwandika, na nadhani alitaka kunisaidia.

"Huyu ni nani wako?"

"Si wangu. Simpendi hata kidogo."

"Basi niandike ameokotwa na wapita njia?"

Kwa ndani nilisikia wanaita jina la Mpole kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikasogea dirishani kwa karani.

"Andika jina langu," nikamwambia. "Mwaka wa tatu, uuguzi. Liandike lote, mkuu asije akasumbuka kunitafuta."